Mizani Iwe Yetu Kabla Mzigo Haujashuka Mlima: Barua ya Wazi kwa Bunge la Kaunti ya Taita Taveta

Kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
Bunge la Kaunti ya Taita Taveta,
Wundanyi.

Waheshimiwa,

Barua hii inatoka Mwanda, na inahusu mizani.

Najua mna mengi mezani. Kuna ndovu wanaovunja mashamba ya nyika, kuna maji, kuna ranchi, kuna ugomvi wa mpaka wa Mackinnon Road. Silipuuzi hata moja. Lakini mimi ni mkulima wa mlimani, ninauza mazao kama majirani zangu wanavyouza, na kadiri ninavyoitazama biashara hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hasara yetu kubwa huingia dakika ile mzigo unapopimwa. Hapo ndipo bei hufanyika. Na hapo mwenye kipimo ni mnunuzi peke yake.

Tazameni tunavyouza. Kabichi huuzwa zikiwa bado ardhini: mnunuzi hupita kati ya matuta, huziangalia, hutaja bei ya shamba zima. Nyanya huenda kwa kreti, na kreti ya mnunuzi huyu si kreti ya yule. Sukuma wiki hushindiliwa guniani kwa mguu mpaka mishono inataka kuachia. Viazi hutiwa katika gunia lililoongezwa shingo ya wavu juu, lile ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita lumbesi, ingawa kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema wazi kwamba gunia lisizidi kilo 50. Parachichi huhesabiwa tunda kwa tunda, kubwa na dogo bei moja. Makadamia ndiyo yanayopimwa kwa kilo, na mizani yenyewe ni ile ya kuning'iniza, imekuja ndani ya gari la mnunuzi na itaondoka ndani ya gari la mnunuzi.

Kaunti yetu ina takriban kilomita za mraba 17,000. Karibu asilimia 62 ya eneo hilo imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Inayobaki, sehemu yake kubwa ni nyika kavu ya ranchi na mkonge. Milima yenye mvua ni kipande kidogo, nacho kimegawanywa kati ya baba na wana, kisha wana wa wana, hadi leo mtu hurithi matuta machache na zamu yake ya maji. Mwenye ekari 200 anaweza kupunjwa kilo tano katika kila gunia na mwaka ukapita. Mwenye robo ekari hupunjwa karo ya mtoto.

Nimetaja zamu ya maji kwa makusudi. Wazee wetu walichimba mifereji kutoka kwenye chemchemi, wakaipitisha kwenye miteremko ambayo mtu wa bondeni angeogopa hata kusimama, na wakagawana maji kwa saa. Kila boma lilijua wakati wake wa kufungua na wakati wake wa kuziba, na aliyeiba zamu ya mwenzake aliitwa mbele ya watu. Jamii hii imewahi kupima kwa haki kitu kinachoteleza kuliko vyote. Haiwezekani tushindwe na gunia.

Wala kuuza kwa watu wa mbali si jambo geni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kutoka Mombasa ilipita chini ya milima yetu ikielekea Taveta na Kilimanjaro, ikinunua chakula njiani kwa kitambaa. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na mikono minane ikafanya doti moja. Nafaka zilipimwa kwa kibaba na pishi, pembe zikapimwa kwa frasila, ratili 35 hivi, na frasila hiyo ilikuwa Mombasa na Unguja, mbali na aliyeibeba pembe. Mkono wa nani ulitumika kupima kitambaa, na kibaba kilijazwa hadi wapi, ndiyo yaliyokuwa mabishano ya kila kambi. Baadaye reli ikafika Voi, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikatolewa tawi hadi Taveta, mzigo ukaenda haraka zaidi. Mabishano yale hayakwisha. Yalihamia shambani kwetu.

Mfano wa kinyume tunao papa hapa. Shukeni Mwatate, kwenye shamba la mkonge ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi barani Afrika. Mkonge uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, ulipoletwa katika koloni la Wajerumani na Richard Hindorf, na tangu zamani biashara yake imekwenda kwa daraja. Singa huanikwa, hupigwa brashi, huchambuliwa kwa urefu, rangi na usafi, kisha hufungwa katika marobota, na kila robota lina daraja lake. Mnunuzi aliye China au Saudia hununua daraja. Hana haja ya kuliona shamba, na hawezi kusema singa ni fupi ikiwa imeandikwa ndefu na ni ndefu kweli. Sizungumzii hapa mishahara wala ardhi ya mashamba ya mkonge. Hayo yana barua yake, na ni barua nzito. Nasema tu kwamba ndani ya kaunti hii hii lipo zao linalopimwa na kupangwa daraja nyumbani kabla ya kusafiri, na mwenye zao hilo huzungumza na mnunuzi wake akijua anachouza. Sisi wa Mwanda huzungumza tukiwa hatujui.

Niyachukue makadamia, maana ndiyo yanayoonyesha jambo hili vizuri kuliko zao lolote.

Mti huu asili yake ni Australia. Kwetu Kenya ulipandwa kwanza Thika mwaka 1946, na miaka mingi baadaye ukapanda hadi milima ya Taita, ambako ulipendezwa na ubaridi wetu. Wazazi wengi waliupanda kama urithi: unangoja miaka, kisha unazaa maisha yako yote. Njugu inapokomaa huanguka yenyewe. Unaiokota, unaivua ganda la kijani, unaikausha kivulini, na ndani ya gome gumu mna kokwa. Kilo tatu au nne za njugu zenye gome hutoa kilo moja hivi ya kokwa. Sasa kokwa iliyokomaa ina mafuta asilimia 72 au zaidi, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, kokwa hiyo ikishakaushwa vizuri na kutiwa majini, huelea. Changa huzama. Kiwanda kikubwa hutumia kanuni hiyo hiyo. Ni bakuli na maji, Waheshimiwa. Hakuna mashine ya kuagiza ng'ambo.

Lakini bakuli hilo halipo Mwanda. Liko mwisho wa safari, kiwandani, baada ya njugu zangu kuchanganywa na za watu wengine wengi. Huku mlimani mnunuzi hutoa bei moja kwa njugu zote. Basi fikirieni mkulima mwenye subira, anayengoja njugu zianguke zenyewe. Anangoja nini? Kilo yake italipwa sawa na kilo ya aliyepiga mti kwa fimbo mwezi uliopita. Tena akingoja, mwizi wa usiku atamtangulia. Kwa hiyo naye hupiga mti. Njugu changa huenda kiwandani, nyingi huzama, kiwanda hupata hasara, na mwaka unaofuata kiwanda hukata bei kwa wote ili kufidia. Uhalifu wa mmoja na subira ya mwingine hulipwa kwa noti ile ile. Serikali imejaribu kuzuia jambo hili kwa kufunga msimu kila mwaka, mtu asivune kabla ya tarehe iliyotangazwa. Tarehe husaidia kidogo. Lakini kaunti hii ina Taveta, mita mia saba na kitu juu ya bahari, na inapanda hadi kilele cha Vuria, mita 2,208. Tunda haliivi siku moja katika ngazi yote hiyo. Bakuli la maji hujibu swali ambalo kalenda haiwezi kulijibu.

Mwaka 2023 mliona wenyewe yaliyotokea. Dunia ilikuwa na makadamia mengi kuliko wanunuzi, mataifa mengine yalikuwa yamepanda sana, na ubora wa njugu za Kenya ulikuwa ukilalamikiwa. Bei shambani ikaporomoka kiasi kwamba watu waliacha njugu zioze chini ya miti, na wengine wakashika shoka. Mwishoni mwa mwaka huo Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, aliondoa kwa mwaka mmoja marufuku ya kusafirisha njugu ghafi, marufuku iliyokuwapo tangu 2009 na ikatiwa sheriani mwaka 2013. Nchi nzima ikabishana: wenye viwanda wakasema kazi zitapotea, wakulima wakasema afadhali yeyote aje anunue.

Msimamo wangu ni huu. Marufuku ya njugu ghafi ni sheria nzuri, kwa sababu kokwa ikivunjwa na kupangwa hapa nchini, kazi na faida hubaki hapa. Lakini sheria hiyo huwa nzito mgongoni mwa mkulima ikiwa hana namna ya kuonyesha ubora wa alichonacho. Ukimfungia mlango wa ng'ambo na humpi mizani wala bakuli, umemkabidhi mikononi mwa mnunuzi mmoja. Ukimfungulia mlango wa ng'ambo na bado hana mizani wala bakuli, umembadilishia mnunuzi tu. Katika mjadala wote ule wa 2023 nilisikia mengi juu ya bandari na viwanda. Juu ya mahali njugu inapopimwa mara ya kwanza sikusikia neno.

Parachichi nalo lina hadithi yake, na hapo jiografia inatuambia jambo ambalo hatujalitumia. Kenya ndiyo inayoongoza Afrika kwa kuuza parachichi nje, na mwaka 2022 soko la China lilifunguliwa kwa parachichi bichi. Tunda la kuuzwa nje hupimwa ukavu wake, si rangi wala ukubwa peke yake. Kipimo kinachotumika nchini kwa parachichi aina ya Hass ni kwamba kile kinachobaki maji yakishatoka kisipungue asilimia 24 ya uzito wa tunda. Kisha husafiri ndani ya kontena la baridi kwa wiki kadhaa, na meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, zikizunguka kupitia Afrika Kusini, safari ya kwenda Ulaya ilirefuka zaidi. Kila siku inayopotea kabla ya meli ni siku inayokatwa kwenye maisha ya tunda. Sasa angalieni ramani. Voi iko kilomita 150 na kidogo kutoka bandari ya Mombasa. Ina barabara kuu, ina stesheni ya reli mpya iliyoanza kazi 2017, ina barabara ya lami hadi Taveta na mpakani Holili. Nyumba za kupakia matunda kwa soko la nje, nyingi ziko Nairobi, Thika na Murang'a. Tunda la Taita likienda kupakiwa huko, lazima lipite Voi likipanda na lipite Voi tena likishuka baharini. Limetembezwa karibu kilomita 700 bure, na gharama ya matembezi hayo imekatwa kwenye bei ya mkulima kabla hajaambiwa bei ni ngapi.

Mtaniambia kwamba mazao yetu ni machache, hayajazi nyumba ya kupakia. Ni kweli kwa Mwanda peke yake. Si kweli kwa Mwanda, Werugha, Mgange, Wundanyi, Bura, Rong'e na Taveta kwa pamoja. Lakini hakuna anayejua ni kiasi gani, maana hakuna aliyekipima, na mwekezaji hatajenga juu ya makisio. Nyumba ya kupakia haitangulii mizani. Mizani hutangulia, miaka miwili mitatu, ikaandika, ndipo mtu mwenye mtaji akasoma yale maandishi na kuamua.

Naomba mkumbuke pia yaliyowapata wakulima wa mishiri, yaani maharagwe machanga. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru shehena moja katika kila kumi za maharagwe machanga na njegere kutoka Kenya ikaguliwe, kwa sababu masalia ya dawa, hasa dimethoate, yalikuwa yamezidi kiwango. Wasafirishaji wengi walikimbilia mashamba makubwa yanayoweza kuonyesha daftari la kupiga dawa, na wakulima wadogo wakaachwa mataani. Wapo miongoni mwao waliokuwa wakifuata masharti yote, lakini hawakuwa na karatasi ya kulithibitisha hilo. Karatasi inayoandikwa pale kwenye mizani, ikitaja mzigo umetoka kitongoji gani, umevunwa lini na umepigwa dawa gani mara ya mwisho, ndiyo ingewatetea. Na masharti ya namna hii yanaongezeka. Ulaya imekwisha kupitisha sheria ya 2023 inayotaka kahawa na mazao mengine kadhaa yajulikane yametoka shamba gani hasa, ili yasinunuliwe yaliyotoka kwenye msitu uliofyekwa. Leo ni kahawa. Sitashangaa kesho zikiwa njugu.

Msidhani nazungumzia mboga na matunda tu. Kishushe, chini ya milima hii, kuna chuma, na mawe yake yamekuwa yakichukuliwa na malori kwa miaka huku jamii, ranchi na wachimbaji wakishtakiana. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Tumeshikilia ile 10 kwenye mikutano, tumeipigia kelele, na ni haki yetu. Lakini asilimia 10 ya nini? Ni ya mrabaha, mrabaha hukokotolewa kwa thamani iliyotangazwa, na thamani hutoka kwenye tani na kiwango cha chuma ndani ya jiwe. Aliyepima tani ndiye aliyeamua asilimia yetu kumi ni shilingi ngapi. Mimi ningefurahi zaidi kuona mizani ya malori yenye mtu wa kaunti na mtu wa jamii karibu na mgodi kuliko kuongezewa asilimia mbili ya hesabu nisiyoiona.

Vito ni vivyo hivyo. Jiwe la kijani la tsavorite, ambalo Campbell Bridges aliligundua Tanzania 1967 na akalipata tena upande wetu miaka michache baadaye, lilitangazwa kwa dunia na Tiffany & Co. ya New York mwaka 1974 kwa jina la Tsavo yetu. Mchimbaji mdogo wa Kasigau au Mkuki hulitoa ardhini likiwa na uchafu, hulifunga katika karatasi, na huliuza bila kujua uzito wala usafi wake. Likifika Jaipur au Bangkok hukatwa, na hapo ndipo huanza kuitwa mali. Na hata ua dogo la zambarau linalokaa madirishani Ulaya na Marekani, Saintpaulia, lilitoka misitu ya Afrika Mashariki: mbegu zake zilipelekwa Ujerumani kutoka Tanga mwaka 1892, biashara kubwa ikajengwa juu yake huko, na msitu wetu wa Mbololo una aina yake ambayo haimei porini mahali pengine popote. Silitaji ili tudai fidia. Nalitaja kwa sababu linaniuma kwamba nchi yenye utajiri wa namna hii haina hata daftari la kilichotoka.

Kwamba kupima kunawezekana, Kasigau inatuonyesha. Mwaka 2011 mradi wa msitu wa huko ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kuidhinishiwa kuuza hewa ya kaboni kwa kiwango kinachotambulika kimataifa. Miti ilipimwa, hesabu ikakaguliwa na watu wa nje, ndipo tani zikauzwa. Yapo malalamiko juu ya mradi huo na yasikilizwe kwa haki. Bunge la taifa nalo lilibadili sheria ya tabianchi mwaka 2023, jamii ikawekewa angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka kwa miradi ya ardhini. Ikiwa hewa isiyoonekana inaweza kupimwa Kasigau na mtu wa tatu akathibitisha, gunia la viazi la Mwanda linaweza kupimwa.

Sasa niseme ninachoomba.

Jedwali la Nne la Katiba limewapa nyinyi kilimo, masoko, vyama vya ushirika na haki katika biashara. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura 513, ipo, na wakaguzi wake wako chini ya kaunti. Hamhitaji ruhusa ya Nairobi. Tungeni sheria ya kaunti inayosema kwamba zao lolote linalonunuliwa kwa jumla katika wadi za milimani lipimwe kwa kilo, kwenye mizani ya kaunti iliyogongwa mhuri, mahali pa wazi, kabla halijapakiwa. Muuzaji apewe risiti, mnunuzi apewe risiti, na nakala ya tatu ibaki. Bei za soko la Kongowea za asubuhi hiyo ziandikwe ubaoni palepale, maana leo mnunuzi ameshapiga simu Mombasa kabla ya kufika kwangu, na mimi ninakisia. Kwa makadamia wekeni bakuli, maji na kijana aliyefundishwa. Kwa parachichi wekeni kifaa cha kupima ukavu, kimoja kwa Mwanda na Werugha kwa kuanzia. Risiti iandikwe jina la aliyeleta mzigo. Nalisema hili kwa sababu ya kina mama: wao na watoto ndio wanaookota njugu, lakini mti uko kwenye hati ya mume na pesa hufuata hati. Benki au chama cha akiba kikitaka ushahidi wa kipato, mama huyo awe na karatasi zake mwenyewe.

Mtauliza gharama. Kama ilivyo desturi ya kaunti nyingi, ushuru wa mazao hutozwa kwa gunia, kwa kreti au kwa gari zima. Lumbesi lenye viazi vya gunia moja na nusu hulipa kwenye kizuizi cha barabarani ushuru wa gunia moja. Kwa hiyo mnapunjwa pamoja nasi, Waheshimiwa, kila usiku malori yanaposhuka. Tozeni kwa kilo iliyoandikwa kwenye risiti, na mizani itajilipia. Lori hilo hilo, likifika Mariakani, serikali ya taifa hulisimamisha na kulipima ili lami isiumie. Sheria imeilinda lami, na mimi naomba imlinde pia mwenye viazi.

Madalali watasema tunawafukuza. Siwaoni kama maadui. Dalali huja mvua ikinyesha na barabara ikiwa matope, hulipa taslimu, na mzigo ukioza njiani hasara ni yake. Wengi ni vijana wetu. Aliye mwaminifu atafaidika, kwa sababu leo anashindana na mwenye gunia refu zaidi, na anayeshinda katika mashindano hayo ni mwongo. Watakaolalamika sana ndio hasa sheria hii imewalenga.

Na sisi wakulima tusijitakase. Miongoni mwetu wapo wanaoweka viazi vidogo chini na vikubwa juu. Wapo wanaochanganya njugu changa na zilizokomaa, wanaopiga dawa jioni na kuvuna asubuhi. Vyama vya ushirika vilivyokufa katika nchi hii havikuuawa na wageni peke yao. Wanachama waliuza pembeni siku bei ilipopanda shilingi mbili. Ndiyo maana siombi chama kipya chenye ofisi na gari kabla ya mizani. Mizani iko tayari kwa mwaminifu na kwa mwongo, na itawatofautisha bila hotuba. Watu wakishaona kilo zao kwa msimu mmoja au miwili, watajua wenyewe kama wana haja ya kuungana, na na nani.

Hofu yangu moja ni mshika mizani. Kijana wa kaunti mwenye mshahara unaochelewa, akisimama kati ya mnunuzi mwenye noti na mkulima mwenye haraka, atajaribiwa. Basi asikae pale peke yake wala asikae muda mrefu. Kamati ya soko, nusu wakulima nusu wafanyabiashara, iwe na mtu wake kando ya kijana huyo, nao wabadilishwe kila baada ya miezi michache, na yeyote awe na haki ya kuweka jiwe la kilo kumi juu ya mizani wakati wowote ili kuijaribu. Wazee waliposimamia zamu ya mfereji hawakumwachia mtu mmoja jembe.

Katiba inawataka muwashirikishe wananchi kabla ya kupitisha sheria. Mswada huu ukiwa tayari, msitualike ukumbi wa hoteli Voi siku ya kazi, mahali ambapo nauli ya kwenda na kurudi ni bei ya ndoo ya viazi. Uleteni Mwanda siku ya soko, asubuhi, wakati malori yanapakia. Waiteni madalali nao waje na magunia yao, na mkaguzi wa vipimo aje na mizani iliyogongwa mhuri. Tutapima gunia moja mbele ya wote, kisha mtusomee mswada.

Wenu,
Mkulima, Mwanda.